Masikio Aliyonitoga Bibi

Munje,
8 Machi 1964

Shoga yangu Kavata,

Hili ninalokwambia sijamwambia mtu, hata Bibi ninayelala naye kitanda kimoja.

Nina baka mkononi, juu ya kiwiko cha kushoto. Ni jeupejeupe, kama ngozi iliyosahauliwa na jua. Nililiona kabla ya Ramadhani nikadhani ni punye tu, nikalipaka ndimu. Halikuondoka. Juzi nilikuwa nakaanga mahamri, tone la mafuta likaruka likatua papo hapo kwenye baka. Kavata, sikusikia kitu. Nilisimama nikiitazama ngozi yangu ikifanya lengelenge, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Bibi akaita, "Asiya, mahamri yanaungua, umelala?" Nikajibu, "La, Bibi." Hilo ndilo jibu langu siku hizi kwa kila kitu.

Nilikuhadithia habari za marehemu Bibi Shutu, dada yake Bibi. Naye alianza na baka. Walimjengea kibanda nyuma ya minazi, akawa anapelekewa chakula kwa sahani yake peke yake, ya bati, yenye ukingo wa buluu. Alifia humo kabla sijazaliwa. Sahani ingali imetundikwa jikoni kwetu. Hailiwi wala haitupwi. Kila nikiosha vyombo huiona inaningoja.

Mimi sitaki kibanda. Nataka kulala ninapolala na kusoma ninaposoma. Ni hayo tu.

Wewe sasa uko huko maabara ya hospitali, kazi yako ni kutazama vijidudu kwa hadubini. Nimelikwangua baka kwa kigae, unga wake nimeufunga katika karatasi ndogo pamoja na maua mawili ya asumini, usije ukanuka njiani. Utazame. Uniambie mimi peke yangu.

Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza ili akiiona mtu asielewe. Nikaacha. Kwa Kiingereza ugonjwa huu ulikuwa wa kitabuni, haukuwa wangu.

Nasikia ndara za Bibi. Naisukuma karatasi chini ya mkeka.

Amepita. Alikuwa anatafuta kifuu cha kuchotea unga.

Mwenzako wa dawati moja,
Asiya

*

Mombasa,
29 Machi 1964

Kwako Asiya, mwoga wangu,

Bahasha yako ilifika ikinukia kama chumba cha bibi harusi. Tarishi wetu ameniuliza nani ananioa. Nimemwambia ni bakteria.

Sasa sikiliza. HUNA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome hata machozi yakikuziba.

Nilingoja Bwana Abdulkadir, mkubwa wangu hapa, aende kuswali adhuhuri. Nikaumwaga unga wako juu ya kioo, nikautia rangi, nikautazama mpaka jicho likaniuma. Niliona chembe za kahawia, zina konakona, basi. Bakteria sikuona hata mmoja. Ungekuwa na ukoma wangekuwapo, si ndiyo?

Laiti ungeiona kazi hii! Tuna visahani vya kioo vyenye uji ulioganda kama halua nyeupe. Unapaka humo makohozi au usaha wa mtu, unaviweka kwenye kabati la joto, asubuhi unakuta vidoa vimeota, kila kidoa ni kijiji cha mamilioni. Wiki jana nimewaona wa homa ya matumbo wakiogelea katika tone la maji. Mtu mzima wa kule Shimba Hills, baba yangu mwenyewe kwa mfano, analala kitandani kwa kitu ambacho hata kwenye ncha ya sindano hukioni! Nilicheka, halafu nikaogopa, halafu nikacheka tena.

Kula mahamri, ulale.

Kavata

*

Munje,
11 Aprili 1964

Kavata wangu,

Mungu akupe unachotaka, na akupe hata usichojua kukitaka. Nimeisoma barua yako chooni, nimeisoma shambani, mwishowe nimeichoma, lakini lile neno la herufi kubwa ninalo moyoni.

Jana kulikuwa na arusi ya binamu yangu. Mimi niliyezoea kukaa nyuma ya mlango nilipiga pembe za vugo mbele za watu, mpaka Bibi akasema, "Leo huyu kapandwa na nini?" Baka halikuonekana. Nalipaka liwa kila asubuhi tangu Januari, na watu hudhani ni urembo.

Aliyepona bila ya dawa,
Asiya

*

Mombasa,
2 Mei 1964

Asiya,

Liwa! Mbona hukuniambia kuhusu liwa?

Chembe za kahawia zenye konakona. Zile zilikuwa ni vumbi la mti. Nilipima mti wa liwa, nikakuandikia kwa herufi kubwa kwamba hauna ukoma.

Nilimuuliza Bwana Abdulkadir, bila kutaja jina lako. Aliinama akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla aliponitazama uso. Akasema, "Binti, hata pasingekuwa na liwa usingeona kitu. Mchwa hatafutwi juu ya rangi ya mlango. Yumo ndani ya ubao." Bakteria wa ukoma wamo ndani ya ngozi, Asiya. Mtu hukatwa kidogo, kidogo sana, kwenye ndewe za masikio na ukingoni mwa baka, na kile kinyevunyevu cha ndani ndicho kinachopakwa kwenye kioo. Kwa nini masikio? Kwa sababu hupenda sehemu za mwili zilizo baridi.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini nikajifanya hakimu. Nenda hospitali ya Msambweni, umuulize Bwana Ndeti, dresa. Ni jirani yetu wa Shimba Hills, nimekwisha kumwandikia, na mdomo wake haufunguki ovyo. Kioo atakitia alama badala ya jina.

Usipotaka kunisamehe, sawa. Lakini nenda kwanza, uninunie baadaye.

Kavata

*

Munje,
20 Julai 1964

Kavata,

Nilinuna kwanza. Wala hukukosea, ni tabia yangu.

Halafu nikaenda. Bwana Ndeti ni mrefu, anaongea polepole. Neno lake la kwanza: "Wewe ndiye unayewapelekea bakteria asumini?" Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alitaka nicheke, na nilicheka.

Akaniambia nifumbe macho. "Nitakugusa kwa usufi. Kila nikikugusa, sema." Nikasema shavuni, nikasema kiganjani, nikasema shingoni. Kisha nikangoja, mguso haukuja. Nikauliza, "Mbona umeacha?" Akajibu, "Sijaacha." Alikuwa kwenye baka. Alilikuta na la pili mgongoni, ambalo sikujua kama ninalo.

Aliibana ndewe ya sikio mpaka ikawa nyeupe, damu isije ikatoka, akakata, akakwangua, akapaka. Upande wa pili hivyo hivyo. Iliuma, nami nikafurahi kwamba iliuma.

Taabu ilikuwa nyumbani. Bibi, unamjua, ndiye anayewatoga masikio wasichana wa Munje wote. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku.

"Nani aliyekutoga hivi?"

"Mwenzangu wa shule, Bibi."

"Huyu hakutoga, huyu amechuna mbuzi! Shule wanakufunzeni hesabu, kutoga hawakufunzeni. Kaa hapa."

Akachemsha mwiba wa mdimu, akanitoga papo hapo pembeni mwa jeraha, kulia na kushoto, akapitisha uzi mwekundu, akapaka manjano. Asubuhi akanipeleka kisimani kama kuku wa maonyesho. "Mmemwona mjukuu wangu? Nimemwongeza matundu, anataka kupendeza!" Wanawake wakanisifu. Mimi natazama ndoo. Sijapata kumwona Bibi akijigamba vile.

Nangoja neno lako. Mara hii andika kwa herufi ndogo.

Asiya

*

Mombasa,
6 Agosti 1964

Asiya mpenzi,

Vioo vilikuja kwa basi. Niliijua alama yako. Bwana Abdulkadir akasema, "Hivi utapima wewe, mimi nitasimama nyuma yako."

Acha nikueleze nilivyofanya, maana ukijua njia hutaogopa sana ulikofika.

Kioo kinamwagiwa rangi nyekundu, kinapashwa moto kwa chini kwa taa ya spiriti mpaka mvuke utoke, kisichemke. Kisha kinaoshwa kwa asidi. Asidi ile inavua rangi kila kitu: ngozi, damu, vijidudu vya kawaida, vyote vinakuwa vyeupe. Isipokuwa hao. Wana gamba la nta, wakishaishika ile rangi hawaiachii, kama hina ya bibi harusi inavyokataa sabuni. Mwisho unatia rangi ya buluu, ukitazama, uwanja wote ni buluu.

Na ndani ya buluu, Asiya, nimewaona. Vijiti vyekundu. Si wengi, wawili hapa, watatu pale, wamelala ubavu kwa ubavu.

Unao.

Nisome mpaka mwisho, usiitupe barua. Wale si laana wala si kijicho cha mtu. Ni viumbe, wanakula na kuzaana, polepole kuliko bakteria wote tunaowajua. Wanaingia kwenye mishipa ya hisia, ndiyo maana mafuta hayakukuuma. Vidole vya Bibi Shutu havikuliwa na ugonjwa. Aliungua na kujikata bila kujua, miaka na miaka, ndivyo vilivyokwisha. Na hawa ni wajeuri: hakuna maabara iliyowahi kuwaotesha katika kisahani, hata kwa uji mtamu namna gani. Wanataka mtu tu.

Lakini tembe zinawaua. Bwana Ndeti anazo. Utameza siku atakazokuandikia, muda mrefu, hata ukijiona mzima. Utalala unapolala na kusoma unaposoma. Bwana Abdulkadir amesema hivyo, nami nimemwapisha.

Kavata

*

Munje,
1 Septemba 1964

Kavata,

Nimeitazama sahani ya buluu leo kutwa nzima. Usiniandikie tena.

Asiya

*

Mombasa,
12 Desemba 1964

Asiya,

Umenikataza nisikuandikie, kwa hiyo hii ni barua ya Jamhuri kwa raia wake.

Leo mji umejaa bendera. Jumatatu iliyopita bwana Mwingereza aliyekuwa mkuu wa maabara yetu alifunga masanduku yake, akampa Bwana Abdulkadir ufunguo wa chumba. Bwana Abdulkadir akanipa mimi ile hadubini nzuri, yenye shingo ya shaba. "Meza hii ni yako, binti wa Shimba Hills." Mama alipopata habari alipiga kigelegele, kisha akauliza hiyo hadubini inakamuliwa vipi.

Kitu cha kwanza nilichotazama juu yake kilikuwa kioo chenye alama yako. Ulidhani sitajua? Umenuna, hujibu, lakini tembe unameza na masikio unapeleka. Tangu Septemba Bwana Ndeti ananiandikia neno moja tu: "Anakuja."

Sasa sikia habari yako. Vile vijiti mwezi wa nane vilikuwa vizima, vimenyooka kama vibiriti vipya. Leo vimekatikakatika, vimekuwa kama punje za shanga zilizotoka kwenye uzi. Bwana Abdulkadir anasema kijiti kilichokatika ni maiti.

Wanakufa, Asiya. Nimekaa hapa kwenye kiti cha Mwingereza nikiwatazama maadui zako wakifa.

Kavata,
mwenye meza

*

Munje,
16 Mei 1965

Mwenye meza,

Nisamehe kimya changu. Nilikuwa naogopa kwamba ukiendelea kuniandikia nitatumaini, na tumaini lile la kwanza lilikuwa la mti wa liwa.

Ulipoandika habari za shanga nilikaa shambani nikacheka peke yangu mpaka mbuzi wakanishangaa.

Tembe nazificha ndani ya mto. Kila Ndeti akikata, nikirudi Bibi huchukua mwiba. Hata haulizi sana. Juzi alisema tu, "Mwenzako wa shule tena?" Nikasema, "Naam, Bibi." Akasema, "Mwambie mkono wake unapata nafuu." Masikio yangu sasa yana matundu kama ya bibi wa miaka sitini, na wasichana wa shule wameanza kuniiga. Ndeti analalamika kwamba Bibi hamwachii mahali pa kukata. Mwambie akate kando ya uzi.

Mwalimu wa sayansi aliuliza darasani, "Nani anajua bakteria huonekanaje?" Kavata, nilisimama. Mimi. Nikaeleza rangi nyekundu, na asidi, na buluu. Kwa Kiingereza, bila kukwama. Akauliza, "Umeyasoma wapi?" Nikasema, "Kwa rafiki yangu." Nikakaa chini, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiite nini.

Mtihani wa kidato cha pili ni mwisho wa mwaka. Nitaufanya nikiwa nalala nyumbani kwetu, si kibandani.

Asiya

*

Mombasa,
28 Januari 1966

Asiya,

Naandika nimesimama, sikuweza kukaa.

Buluu.

Sikio la kulia, buluu. La kushoto, buluu. Baka la mkononi, la mgongoni, buluu tupu kama mbingu ya kaskazi. Nilitazama nikarudia, nikasogeza kioo kidogo kidogo, uwanja kwa uwanja, kama mtu anayetafuta sindano katika mchele. Kisha nikamwita Bwana Abdulkadir, nisije nikarudia mambo ya liwa. Alitazama, akavua miwani, akatazama tena. Akasema, "Andika." Nikauliza, "Niandike nini?" "Andika ulichoona." Nikaandika kwamba hakuna bakteria, na safari hii nilijua maana ya neno nililoandika.

Ni mara ya tatu mfululizo. Zile mbili za kwanza nilikuficha makusudi, nikaogopa kukupa nusu ya furaha.

Tembe usiache mpaka daktari aseme, bado kuna safari. Ngozi ya baka huenda isirudishe hisia yote. Jikoni tumia macho mahali pa ngozi. Lakini haina bakteria wa kumwambukiza mtu tena, na ilivyo ni yako.

Mwambie Bibi. Sasa unaweza.

Kavata

*

Munje,
13 Februari 1966

Kavata wangu,

Mtihani nimepita. Nimekutangulizia hilo kwa sababu najua utalitafuta.

Pili, nilimwambia Bibi. Nilingoja aanze kukanda unga, asiwe na mkono mtupu wa kunipigia. Nikasema, "Bibi, yale masikio hakunitoga mwenzangu wa shule."

Hakuinua uso. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Shutu alikatwa hivyo hivyo na daktari mzungu, kabla ya vita. Mimi ndiye niliyempeleka. Tuliporudi wanawake wakayaona yale majeraha kisimani. Asiya, kile kibanda hakikujengwa kwa baka. Baka tulikuwa tukilifunika. Kilijengwa kwa masikio." Akaukandamiza unga. "Uliporudi na masikio yale nikasema, mara hii hawataona jeraha. Wataona urembo."

Kavata, na mimi nilidhani anajigamba pale kisimani!

Nikamuuliza, "Kama ulijua, mbona hukunitenga?"

Hapo akainua uso, akanitazama kama nimesema upuuzi. "Umelala wapi miaka miwili hii?"

"Ubavuni mwako."

"Umekula wapi?"

"Siniani, pamoja nawe."

"Sasa unauliza nini, mtoto wewe? Shutu nilimwacha peke yake kwa kuogopa watu. Wewe nilikuwa nakuhesabia tembe zako ndani ya mto, usije ukasahau." Na akaongeza, "Mara mbili ulisahau. Nikazisogeza mdomoni mwa foronya, ukaziona."

Nililia, naye akanikemea kwamba machozi yanaingia ungani. Mahamri yalipoiva alinyanyuka akaitungua sahani ya buluu, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akayapanga humo. Tukala wawili, sahani moja. Alisema, "Shutu alipenda yenye iliki nyingi." Ni mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo huku anatabasamu.

Sasa niko mezani, dirisha liko wazi. Bibi alitoka tangu asubuhi kwenda kwa Kache, jirani yetu. Kache ana binti mdogo, Mbeyu, ambaye tangu Idi amefungwa kitambaa shavuni. Wanasema ni jipu. Mtoto gani ana jipu wiki tatu, na anacheza, na hashtuki nzi akimtua? Kabla ya kutoka Bibi aliniuliza, "Nimwambie Kache aje kwako? Ukikataa, sitakulaumu." Maana akija, atajua. Na Kache akijua, kisima kitajua.

Nilifikiri muda. Mimi wa nyuma ya mlango, shoga yangu. Nikamwambia, "Aje. Nitamwonyesha mkono wangu kwanza, kisha nitampeleka mwenyewe kwa Ndeti."

"Na masikio ya mtoto?"

"Mwiba si unao?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ninao. Lakini huyu hatutamficha. Huyu tutamtoga kwa kupendeza tu."

Usufi ninao hapa pembeni, nimeuchambua mwororo. Kikija kioo chenye alama ya ua la asumini, ujue ni Mbeyu. Mtazame vizuri. Nami nikimaliza kidato cha nne nitakuja kuomba kiti karibu na meza yako, uanze kunitafutia.

Nasikia miguu uani. Ndara za Bibi, naijua ile ya kushoto inavyoburura. Nyuma yake miguu ya mtu asitaye, na mingine midogo inayokimbia. Mkono wangu umekwenda chini kuinua ukingo wa mkeka, kwa mazoea. Nimeurudisha.

Karatasi iko juu ya meza. Nimekunja mkono wa gauni mpaka begani. Bibi anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mimi nasema, karibuni,

Asiya